Anaimba jedwali lote, lakini 56 gawanya kwa 7 inamshinda

*Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya serikali. Jedwali la kuzidisha analiimba kuanzia la 2 hadi la 12 bila kukosea. Lakini ukimwuliza 56 gawanya kwa 7, anachukua penseli, anachora vijiti 56, kisha anavizungushia saba saba. Mpaka amalize, wenzake wako swali la tano. Baba yake anataka tumkaririshe jedwali la kugawanya kama sisi tulivyokariri la kuzidisha. Mimi naogopa atachanganyikiwa zaidi. Jioni tuna nusu saa tu, na mdogo wake wa darasa la pili lazima awepo. Tufanyeje?*
*Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Marahaba, mama. Nianze na vijiti, maana naona ndivyo vinavyokutia hofu. Vijiti visikusumbue. Mtoto anayechora vijiti 56 akavizungushia saba saba anaelewa kugawanya ni kitu gani, na hilo ndilo gumu kufundisha. Wapo watoto wanaojibu "nane!" papo hapo, lakini ukiwawekea maharage 56 mezani ukawaambia wayagawe kwa watu saba, wanakutazama tu. Binti yako maana anayo. Anachokosa ni njia fupi ya kutoka kwenye 56 kufika kwenye 8, na anaikosa kwa sababu ya lile lile jedwali analoliimba vizuri.

Fanya jaribio dogo leo jioni. Akiwa anaosha vyombo, mwulize ghafla, "Saba mara nane?" Mtazame midomo. Akianza kunong'ona "saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, saba mara tatu ishirini na moja", ujue saba mara nane bado haijui. Anaujua wimbo. Ni sawa na kumwuliza mtu mzima mstari wa nne wa Wimbo wa Taifa: hawezi kuusema mpaka auanze mwanzo. Kwenye kuzidisha wimbo unamfikisha, ingawa kwa kuchelewa, na kwa kuwa anafika hakuna aliyegundua kasoro. Kwenye kugawanya haumfikishi popote, kwa sababu swali linaanza na namba ambayo kwenye wimbo huja mwisho wa mstari. Mtoto anatajiwa 56 na hajui aimbe lipi. Ndipo anaposhika penseli.

Kwa hiyo kuhusu jedwali la kugawanya natofautiana na baba yake. Mkimkaririsha "saba gawanya kwa saba moja, kumi na nne gawanya kwa saba mbili", mtampa wimbo wa pili wenye ugonjwa ule ule wa wa kwanza. Tena mtamzidishia mzigo. Kuanzia 1 hadi 10 kuna maswali 100 ya kuzidisha, na ya kugawanya yanayotokana nayo ni 100 mengine. Akiyachukua kama masomo mawili, ana mambo 200 ya kukumbuka. Akiyachukua kama familia, mzigo unapungua hata wewe utashangaa.

Familia ni hivi. Namba 7, 8 na 56 zinakaa pamoja. Kutoka kwao unapata 7 × 8 = 56, 8 × 7 = 56, 56 ÷ 7 = 8 na 56 ÷ 8 = 7. Sentensi nne, jambo moja. Sasa ondoa zile ambazo mtoto wa darasa la nne kwa kawaida hazimpi shida, yaani zote zenye 1, 2, 5 na 10 ndani yake. Zinabaki namba sita: 3, 4, 6, 7, 8 na 9. Ukizioanisha zenyewe kwa zenyewe unapata familia 21 tu. Sita kati ya hizo ni za namba kuzidishwa kwa yenyewe, kama 49 na 64, na kila moja ya hizo ina swali moja tu la kugawanya. Kazi yenu yote ya jioni ni hizo 21, na naziandika hapa ili usihangaike kuzitafuta. Za 3 ni 9, 12, 18, 21, 24 na 27. Za 4 ambazo hazijatajwa ni 16, 24, 28, 32 na 36. Za 6 ni 36, 42, 48 na 54. Za 7 ni 49, 56 na 63. Za 8 ni 64 na 72. Ya mwisho ni 81. Utaona 24 imetokea mara mbili, kwa sababu ni 3 × 8 na pia 4 × 6, na 36 vilevile ni 4 × 9 na 6 × 6. Hizo mbili zichelewesheni kidogo, zinawachanganya watoto.

Tafuta boksi gumu, la biskuti au la sabuni, ukate pembetatu 21. Kwenye kona ya juu andika jibu la kuzidisha, lile ambalo walimu huliita zao. Kona mbili za chini andika namba zilizozidishwa. Kadi ya familia yetu itakuwa na 56 juu, 7 na 8 chini. Ukifunika kona ya juu kwa kidole, unauliza kuzidisha. Ukifunika kona ya chini, unauliza kugawanya. Kadi ni ile ile, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba hakuna somo jipya. Maduka ya vitabu huuza kadi nzuri za rangi, lakini nyingi zina swali upande mmoja na jibu upande wa pili, na hizo hazionyeshi undugu wa namba. Za boksi zinafaa zaidi, na tena mtoto akiziandika mwenyewe anakuwa ameshaanza kujifunza.

Maneno unayotumia kuuliza yana uzito. Usianze na "hamsini na sita gawanya kwa saba". Anza na "hamsini na sita ina saba ngapi?" Swali hilo linamrudisha moja kwa moja kwenye kuzidisha: saba mara ngapi itanipa hamsini na sita? Akizoea, ndipo umletee lugha ya shuleni na alama ÷, umwambie kwamba alama hiyo inauliza jambo lile lile. Wazazi wenye watoto wa shule za Kiingereza hunilalamikia kwamba mtoto anajibu nyumbani, darasani anakwama. Hao nawaambia maana waijenge kwa Kiswahili, kisha kadi zile zile waziulize pia kwa lugha atakayokutana nayo kwenye mtihani.

Hapo nyumbani usimwulize aina moja tu ya hadithi. Kugawanya kuna sura mbili, na watoto wengi wanajua moja. Una maandazi 24 na wageni 6: kila mgeni atakula mangapi? Hapo idadi ya watu inajulikana, fungu la kila mmoja ndilo linalotafutwa. Sasa una maandazi 24 ya kuuza, kila mfuko unaingia 6: mifuko mingapi? Fungu linajulikana, idadi ya mafungu ndiyo inayotafutwa. Mikono inafanya kazi tofauti. Mara ya kwanza unatoa moja moja, huyu na huyu na huyu. Mara ya pili unachota sita, unaweka pembeni, unachota tena sita. Jibu ni 4 kote kote. Mtoto aliyezoea sura ya kwanza tu akiulizwa "kamba ya mita 24 imekatwa vipande vya mita 6, vipande vingapi?" anaanza kutafuta watu wa kugawiwa kamba, hawaoni, anaamua kujumlisha. Umewahi kuona daftari lenye jibu 30 kwenye swali kama hilo? Limetoka hapo.

Vitu vya kuulizia vimejaa mtaani. Trei la mayai lina mayai 30, safu 5 za mayai 6, kwa hiyo ukitumwa dukani una 30 ÷ 6 na 30 ÷ 5 mkononi. Kreti ya soda ina chupa 24, safu 4 za chupa 6. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 katika safu 4 za mashimo 8, na kete 64, na kama kuna babu jirani anayecheza, mtoto ataipata 32 ÷ 8 bila hata kujua kwamba anasoma. Siku 42 ni wiki ngapi? Timu ina pointi 27 na haijatoka sare hata mara moja, imeshinda mechi ngapi? Swali hilo la mpira huwaamsha hata wale wanaosema hawapendi hesabu, na hulijibu kwa sekunde moja, kisha darasani 27 ÷ 3 inawashinda. Waonyeshe kwamba wamelijibu tayari.

Sasa nusu saa yenu. Dakika kumi za kadi zinatosha, zilizobaki fanyeni kazi za shule. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi, na sababu yake ni kwamba ubongo unahitaji kusahau kidogo kisha utafute tena. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na tena na wale waliolisoma kisha wakajaribu kulikumbuka bila kulitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio walikuwa na kingi zaidi kichwani. Wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu na andiko halikuwa la hesabu, lakini mwalimu yeyote wa darasa la nne atakwambia mambo ni hayo hayo. Kuimba jedwali ni sawa na kusoma tena: kunampa mtoto raha ya kuona anajua. Kuulizwa na kutafuta kunauma kidogo, na ndiko kunakokaa.

Anza na familia tatu tu. Kwa binti yako ningechukua 56, 63 na 21, kwa kuwa zote zina 7 na hapo ndipo anapokwama. Akizipata vizuri siku mbili mfululizo, ongeza moja au mbili. Weka mafungu matatu mezani: kadi anazojibu bila kusita, kadi anazojibu baada ya kufikiri, na kadi zinazomshinda. Za fungu la mwisho ziulizwe kila siku, za katikati siku moja ndiyo moja hapana, za kwanza mara moja kwa wiki. Kadi anayokosea inarudi fungu la mwisho, bila hotuba. Changanya daima. Ukiuliza za 7 tupu kwa mfuatano atagundua mtindo na ataacha kufikiri. Changanya na kuzidisha pia, ufunike kona ya juu mara moja moja.

Akikwama usimpe jibu haraka, wala usimwambie "fikiria". Mpe mahali pa kukanyaga. Kwenye 56 ÷ 7 mwulize, "Thelathini na tano ina saba ngapi?" Tano anaijua. Kutoka 35 hadi 56 kumebaki ngapi? 21. Hiyo ina saba tatu. Tano na tatu, nane. Ni safari ya hatua tatu lakini haina vijiti, na akiifanya mara chache hataihitaji tena.

Kugawanya kwa 4 ni kuchukua nusu, kisha nusu tena: 32, 16, 8. Kwa 8 ni nusu mara tatu. Kwa 6, chukua nusu halafu gawanya kwa 3, kama 42 inavyokuwa 21 kisha 7. Kwa 9 kuna ujanja ambao watoto wanaupenda mno: kwenye namba za jedwali la 9 hadi 90, chukua tarakimu ya makumi uongeze moja. 63 ina 6, ongeza moja, jibu 7. 72 ina 7, jibu 8. Lakini mwonye kwamba ujanja huu ni wa namba zilizomo kwenye jedwali la 9 tu. Akiutumia kwenye 65 utamdanganya. Ahakikishe kwanza kwamba tarakimu mbili zikijumlishwa zinatoa 9. Na tafadhali usimpe mbinu hizi zote jioni moja. Mpe ile inayohitajika kwa kadi iliyo mbele yake.

Saa ya kupima mwendo iacheni kabatini kwa sasa. Shule nyingi hupenda mashindano ya nani amemaliza kwanza, na kwa mtoto ambaye tayari anajiona wa mwisho hayana faida. Akiogopa, nafasi ya kichwani aliyokuwa aitumie kutafuta jibu inajaa hofu. Fimbo ndiyo kabisa isikaribie meza. Najua wengi wetu tulifundishwa jedwali kwa kiboko na tunajisifu kwamba tulilijua. Tulilijua, ndiyo, na nusu yetu tulichukia hesabu hadi leo. Na "hata hili hujui?" mbele ya mdogo wake inauma kama fimbo. Usahihi uje kwanza, kasi itafuata. Akiweza kujibu kadi ndani ya sekunde tatu hivi, bila vidole wala kunong'ona, ihesabu imeingia.

Sifuri na moja usizipite juu juu. Watoto wengi huandika 6 ÷ 6 = 0, kwa kuwa kichwani wanatoa badala ya kugawanya, na 7 ÷ 1 = 1 kwa kuwa wameiona moja wakainakili. Dawa ni kurudi kwenye swali lile lile: sita ina sita ngapi? Saba ina moja ngapi? 0 ÷ 6 ni 0, kwani hakuna maandazi, na wageni sita wote wanaondoka mikono mitupu. Akikuuliza 6 ÷ 0, usimwambie ni sifuri kama wengine wanavyosema. Mwambie atafute namba ambayo ukiizidisha kwa 0 unapata 6. Atatafuta, atakosa, na ataelewa kwa nini swali hilo halina jibu. Mpangilio wa namba nao uangaliwe: 8 × 7 ukiigeuza haibadiliki, lakini 56 ÷ 7 ukiigeuza ni jambo jingine kabisa, na mtoto aliyezoea kugeuza kuzidisha hudhani anaweza kugeuza na hii.

Mdogo wake asiwe kero, ana kazi yake. Mpe vizibo vya soda. Dada mtu akitajiwa 24 ÷ 6, yeye apange vizibo 24 katika mafungu ya sita sita na awe mwamuzi: dada amepata au hakupata? Dada atajitahidi amshinde, mdogo atakuwa anajenga ile maana niliyosema ni ngumu kufundisha. Kwa siku zake za kwanza nusu na jozi zinamtosha.

Jambo la mwisho ni baki, na wengi hulisahau. Darasa la nne anagawanya namba kubwa kwa njia ndefu, na kule maswali machache sana hutoka sawasawa. Kwenye 475 ÷ 6 kitu cha kwanza anachokutana nacho ni 47, ambayo haimo kwenye jedwali la 6. Anatakiwa aone kwamba namba ya jedwali iliyo chini yake na karibu yake zaidi ni 42, aandike 7, abakize 5. Mtoto aliyekariri wimbo anatafuta 47, haioni, anasimama. Kwa hiyo kadi zake zikishaanza kuhamia fungu la kwanza, usingoje zote 21 ziishe. Shika kadi ya 42 na umwulize, "Arobaini na tatu ina sita ngapi, baki ngapi?" Kisha 44, kisha 47. Ukifika 48 usimwambie kwamba hakuna baki, mwache agundue mwenyewe kwamba sasa anahitaji kadi nyingine. Baki ikifika 6 au kuzidi, mwulize kama haiwezi kutoa fungu jingine. Jioni mbili tatu za mchezo huo na utaona tofauti kwenye daftari lake la shule, hasa kwenye yale maswali marefu ambayo sasa hivi anayaacha wazi.